Kaka wa Dada Radi

Pale kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na kibaraza cha Mama Cherehani, kuna benchi lililokaliwa na wanaume watatu hadi likachukua umbo lao. Yupo Kinyozi mwenyewe. Yupo Fundi Saa, ambaye siku hizi hana saa za kutengeneza ila hajaacha kujiita fundi. Na yupo Breki, dereva mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa sababu gari lake lilikuwa nazo, mdomo wake hauna. Mama Cherehani hushona hatua tatu kutoka hapo, na birika la kahawa ni lake, kwa hiyo hakuna neno la benchini lisilomfikia. Siku hiyo mikono yake ilikuwa kwenye sketi za shule na masikio yote mawili yalikuwa kwa wanaume, maana soga lao lilikuwa linamwelekea marehemu mume wake.

Televisheni ilikuwa imeanza kurudia Dada Radi, ile tamthilia ya mwanamke anayerusha radi viganjani, na safari hii imetiwa sauti za Kiswahili. Miaka kumi na tisa nyuma ilikuja kwa lugha ya kwao walioitengeneza, ambayo mtaani hakuna aliyeijua. Mtaa mzima ulikuwa unajazana sebuleni kwa Mama Cherehani, na mumewe, fundi wa kuchaji betri, alikuwa anasimama kando ya televisheni kutafsiri.

— Jana nimeumbuka mbele ya wanangu, alianza Kinyozi. Nimewakalisha, nimewaambia tulieni muone tamthilia. Mnaikumbuka ile anapolia mlangoni?

— Nani aisahau, alisema Breki. Kila akirusha radi anapoteza kumbukumbu moja. Siku ile kapoteza sauti ya mama yake. Mimi nililia nikasingizia moshi.

— Basi jana kasema jino linamuuma.

— Jino?

— La nyuma huku. Kilio chote kile ni cha jino.

Mama Cherehani alikanyaga pedeli, sindano ikatwanga hewa. Kitambaa kilikuwa bado mapajani.

— Na kaka yake aliyetekwa? aliuliza Fundi Saa.

— Hana kaka. Yule mwenye glavu nyeupe, tuliyeambiwa ndiye mtekaji, ni bosi wake kazini. Wanagombania likizo.

Mama Cherehani alijua. Marehemu hakuwa na hata neno moja la lugha ile. Siku ya kwanza alijitia kujua ili aonekane mbele ya wageni, na baada ya hapo njia ya kurudi ikawa imefungwa. Kila mchana wa siku ya tamthilia alikuwa anamfuata jikoni: mke wangu, leo nimpe nini huyu mwanamke? Kumbukumbu zinazopotea, kaka aliyetekwa, vyote vilitoka kinywani mwa mkewe akimenya vitunguu. Mume akazikwa na sifa ya mjuzi wa lugha, ikasomwa hadi makaburini. Ndiyo sifa pekee aliyomwachia, na mkewe hakuwa tayari iishie kuchekwa kwenye benchi.

— Waliotia sauti ni wavivu, alisema Kinyozi. Wameruka maneno.

— Si uvivu, bwana, alisema Breki. Wale wana mbili. Moja ya kuuza nje, moja ya wenyewe. Antena ya marehemu ilikuwa inanasa ya wenyewe.

— Nyinyi hamtazami, alisema Fundi Saa. Yule mwanamke wa zamani alivaa saa mkono wa kushoto. Wa jana kavaa kulia. Ni pacha wake. Wameirudia yote upya.

— Ili iweje?

— Ili wamfute kaka. Kaka alikuwa wa kweli, wakubwa wa kule walimficha. Yule mwanamke alikuwa anatuomba msaada.

— Na aliyemwelewa ni mmoja tu, Breki akadakia. Ndiyo maana kabla ya sehemu ya kumi moyo wa marehemu ukasimama ghafla, tukabaki bila mwisho. Walijua kwamba anajua.

Kinyozi alimpiga kiwiko. Breki akageuka kibarazani, akamwona Mama Cherehani amekaa mikono imelala juu ya mashine.

— Nisamehe, shemeji. Nimepitiliza.

Wakati huo nesi, mpangaji mpya wa chumba cha nyuma, alikuwa anasubiri kibarazani sare yake aliyoileta kupunguzwa kiuno. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini wazee wangu. Huyo marehemu lugha hiyo alijifunzia wapi?

Kinyozi alimtazama Fundi Saa. Fundi Saa akamtazama Breki. Breki akalifuata birika la kahawa. Safari pekee alizosafiri mume yule zilikuwa za kufuata maji ya betri na kurudi.

Mama Cherehani angeweza kutaja mji wowote wa mbali, na wangemwamini. Aliufungua mdomo autaje.

— Hakujifunza popote, mwanangu, akasema. Hakujua hata salamu yao. Tulikuwa tunatunga, mimi jikoni, yeye sebuleni.

Akainamisha uso, akisubiri kicheko.

— Kwa hiyo machozi yangu yale, alisema Breki polepole, niliyamwagia uongo.

— Uongo mtupu, shemeji.

— Na yule kaka?

— Wangu mimi, nilimtunga jikoni.

— Hapana, sijauliza wa nani. Nauliza, alipatikana? Tumekaa miaka kumi na tisa hatujui.

Mama Cherehani aliinua macho. Hakuna aliyekuwa anacheka. Fundi Saa alikuwa ameshasogea, anafuta nafasi benchini kwa kiganja, na Kinyozi ameshika kikombe kama mtu aliyesahau kunywa.

Akainua sindano, akakata uzi, akaja kukaa katikati yao.

— Mara ya mwisho tuliishia wapi? akauliza.

Wakamjibu wote watatu kwa pamoja, neno kwa neno kama marehemu alivyowaambia.