Mama Evarista na Wakulima Mia Nne wa Kolo

Tarehe 30 Juni Mama Evarista Chidawali anastaafu, baada ya miaka thelathini na tatu katika ofisi yetu ya mbegu hapa Dodoma. Aliingia akiwa mpiga chapa. Kutengeneza tovuti alijifunza akiwa na miaka arobaini na mitano, jamani, huku vijana tukilalamika kwamba ni kugumu!

Ndiye aliyetuzoesha kuandika programu kwa majina ya Kiswahili. Basi msimu uliopita mimi, Hamidu, niliweka kisanduku cha hali ya hewa kwenye ukurasa wa kuagizia mbegu. Kigeu changu, yaani jina linalobeba taarifa, nikakiita "kijiji", nikakijaza Kolo kwa majaribio. Kumbe ukurasa tayari ulikuwa na "kijiji" cha mkulima! Majina yote mawili yalikuwa wazi kwa ukurasa mzima, langu likalifuta lile la mkulima. Wakulima mia nne, wa Ihumwa na kwingineko, wakaorodheshwa kuwa ni wa Kolo. Mvua zimekaribia, malori yanapakia. Na Kolo ndiyo kwetu sisi Warangi.

Minong'ono ikaanza kwamba Mrangi anawapelekea ndugu zake mbegu. Barua ya kunisimamisha kazi ikaandaliwa.

Mama Evarista akafungua programu mbele ya mkurugenzi, akaiweka kila sehemu ndani ya fanksheni yake, fungu la maagizo ambalo majina yake hayatoki nje. Akaeleza kwamba Nkuhungu nzima, hapa mjini, watoto wanaita mama, kila mmoja ndani ya nyumba yao, na mama wa jirani haitiki. Akajaribu upya: Ihumwa ikabaki Ihumwa. Mstari mmoja juu ya kila sehemu, mmoja chini, basi! Wallahi, mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama. Siku mbili tukawapigia simu wakulima wote kuwauliza vijiji vyao, na mbegu zikafika kabla ya mvua.

Ila kuna jambo hamlijui. Alimwambia mkurugenzi kwamba kosa ni lake, kwa kuwa aliikagua kazi yangu akaipitisha. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Mimi nikanyamaza.

Sikuwahi kumpa aikague. Mkurugenzi, naomba onyo lile lihamie kwenye faili langu kabla mama hajakabidhi ofisi. Mama Evarista, shikamoo, na asante. Sote tunakuombea afya na mapumziko mema. Nenda na jina lako safi.