Nyayo za Ukutani: Maisha ya Wakili Warigia Gichuki

Tulieni kidogo, jamaa na majirani wa Isiolo, msikie habari za Warigia kabla udongo haujamfunika.

Marehemu alizaliwa Isiolo mjini tarehe 14 Machi 1984, binti wa marehemu Mzee Gichuki na Mama Rahab, wenye duka. Alipokuwa na miaka minane, kaka yake Muiruri alivunja chupa ya peremende. Warigia alikalia gunia la sukari, akamfungulia kesi, kisha akamwachilia kwa kuwa hakuna shahidi aliyeona. Mshtakiwa alikuwa na peremende nne mdomoni.

Alisomea sheria Nairobi, akaapishwa kuwa wakili mwaka 2010. Ugatuzi ulipoingia 2013 alirudi nyumbani kufungua ofisi, na mwaka uliofuata akaolewa na mwalimu Jonah wa Burat, rafiki mkubwa wa Muiruri.

Tarehe 9 Februari 2017, Jonah akimwagilia vitunguu shambani, mwizi wa mifugo alimuua kwa risasi tatu. Mashahidi walitishwa, mmoja akakatwa shingo, na mwaka 2019 kesi ikatupwa kwa kukosa ushahidi. Warigia alitundika joho lake, akanunua rangi.

Kwenye ukuta wa soko la mifugo alichora shamba, damu, na nyayo za muuaji, za akala, viatu vya matairi, kama zilivyokuwa kwenye picha za polisi. Sura hakuchora kamwe. Alisema hana haki ya kumhukumu mtu kwa brashi. Alisahau kwamba wafugaji husoma nyayo kama sisi tunavyosoma gazeti. Tarehe 6 Juni 2024, Mzee Umuro, mfugaji wa Merti, aliinama mbele ya ukuta ule.

"Hii akala imeisha upande moja. Huyu anavuta mguu ya kushoto. Wallahi, huyu mtu iko hapa sokoni!"

Alimwonyesha kwa kidole mwanamume aliyekuwa akiburuta mguu wa kushoto kati ya mbuzi. Umati ulimwangusha, ukamvunja taya na mkono kwa mawe. Warigia alipenya, akajitupa juu yake.

"Wacheni! Nataka aongee kortini! Maiti haijibu maswali!"

Mawe yaliendelea. Moja lilimpasua kichwa, akafariki hospitalini tarehe 9 Juni. Mtu yule yu hai, mikononi mwa polisi.

Ameacha mama yake Rahab, binti yake Kate, na kaka yake Muiruri, anayewasomea wasifu huu. Muiruri alikuwa ndani ya umati ule. Alirusha mawe mawili akiliita jina la Jonah, na hajui yaliangukia wapi. Hakuna shahidi aliyeona. Safari hii hataki kuachiliwa. Akishatia udongo wake kaburini, anaelekea kituo cha polisi.

Warigia apumzike kwa amani tuliyomnyima.