Mama Lakini na Chemchemi ya Halmashauri

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika Ofisi ya Mchunguzi wa Malalamiko ya Wananchi, afisa wetu wa mapokezi anastaafu. Sisi humwita Mama Lakini, kwa sababu kila aliposema hatuna mamlaka, aliongeza “lakini”.

Kwa walioajiriwa juzi, nieleze. Sheria inaturuhusu kuuliza halmashauri ilifanyaje jambo. Haituruhusu kuuliza kwa nini ilitumia fedha kwa hili badala ya lile. Hayo ni ya madiwani na mkaguzi wa hesabu. Tena, linaloumiza mji mzima sawasawa si letu. Sharti mlalamikaji awe ameumia yeye mwenyewe. Kwa hiyo kazi ya Mama Lakini ilikuwa hasa kukataa. Hakutuma barua ya kukataa kabla hajamsomea mhusika kwa simu, polepole, kisha akamsikiliza. Mkurugenzi mmoja alijaribu kuikomesha desturi hiyo. Mkurugenzi huyo alihamishwa; desturi ipo.

Miaka sita iliyopita halmashauri ilijenga chemchemi ya mapambo mbele ya ukumbi wake. Tulipokea malalamiko mia mbili na matatu kuhusu gharama, tukayakataa yote. La mwisho lilikuwa la fundi cherehani mwenye duka jirani. Aliposomewa barua yake alisema, “Haya, mama, nimeelewa. Ila huku vitambaa vya watu vinaoza.”

Mama Lakini akamuuliza vinaozaje. Kumbe bomba la chemchemi lilikuwa likivuja chini ya ukuta wake. Wateja walikwishaanza kumkimbia, duka lilikaribia kufungwa, na barua zake tatu kwa halmashauri hazikujibiwa. Hayo hakutuandikia; alidhani shida ya mtu mmoja haina uzito ofisini.

Gharama hatukuigusa. Barua zisizojibiwa tulizichunguza kwa miezi minne. Bomba likazibwa, ukuta ukajengwa upya, fundi akaombwa radhi kwa maandishi. Duka liko wazi hadi leo. Chemchemi nayo ipo. Haitoi maji, na hilo pia si letu.

Wiki iliyopita fundi alileta lalamiko jipya kuhusu gharama ya chemchemi. Tulipomkumbusha sheria, akasema anaijua. Alitaka tu akataliwe na Mama Lakini mara moja zaidi kabla mama hajastaafu. Alisomewa barua yake jana. Simu ilichukua dakika arobaini.

Mama Lakini, asante kwa kutufundisha kusema hapana bila kukata simu. Kastaafu vyema, na siku zako zote zijazo ziwe njema, nje kabisa ya mamlaka ya mtu yeyote.