Mke wa Rafiki Yake

Siku hiyo penye benchi la nje ya karakana tulikuwa watano: Seremala, mwenye benchi; Redio, fundi simu, ambaye hakuna habari inayompita; Mzee Karani, aliyestaafu ofisini lakini bado anatembea na kalamu mfukoni; mume wangu, mpaka rangi wa nyumba, wanayemwita Brashi; na mimi ninayewamiminia kahawa, mwanangu wa miezi saba mgongoni. Dada mmoja alikuja baadaye kuchukua kiti alicholeta kiungwe mguu. Gundi haikuwa imekauka, akaambiwa aketi asubiri.

Brashi ndiye aliyeanza. Alisema ana rafiki yake kazini ambaye mkewe amekataa kurudi kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango, na tarehe yake ni Alhamisi. Sasa rafiki anauliza, amtafutie njia ipi? Wote walijua rafiki huyo ni nani, isipokuwa Mzee Karani. Hakuna aliyenitazama. Redio aliinamia kikombe chake kana kwamba kimeandikwa kitu ndani, nikamshukuru kimoyomoyo.

Redio akasema kijiti cha mkononi asikiguse, kinavuta mawimbi ya simu. Jirani yake aliwekewa, na sasa akipokea simu anasikia mazungumzo ya watu wengine. Seremala akauliza huyo jirani simu yake aliitengeneza kwa nani. Redio akanywa kahawa.

Seremala yeye alikiogopa kitanzi. Alisema hata msumari ukikaa ndani ya mbao miaka mingi huhama, sembuse kitu kilicho ndani ya mtu anayetembea. Kitapanda kifuani, na kikitoka hapo kitaingia kisogoni. Brashi akauliza, je, kondomu? Mzee Karani akainua kidole.

— Hapo wawe waangalifu. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

— Mzee, hiyo ni kinga ya kuni, akasema Redio.

— Ya kuni au si ya kuni, moto ni moto. Mimi maisha yangu yote nimetumia kalenda, hii ya ukutani.

— Una watoto wangapi? akauliza Seremala.

— Tisa. Lakini kalenda za siku zile zilikuwa zinachapwa vibaya.

Tulicheka mpaka mtoto akashtuka mgongoni. Vidonge, wakakubaliana wote, havifai kabisa, kwa sababu mwanamke mwenye mtoto mdogo atasahau tu. Wakaishia hapo, kila mmoja akijiona ameshinda.

Yule dada wa kiti alikuwa akisikiliza muda wote huo.

— Samahani, shemeji, akamwambia Brashi. Huyo mke wa rafiki yako, sindano ilimfanyaje?

 Brashi akaanza kubandua rangi iliyomkaukia kwenye kidole gumba.

— Hakuniambia. Yaani, rafiki yangu hakuniambia.

— Kwani yeye alimwuliza mkewe?

Seremala akaacha kupiga msasa.  Nikaweka birika chini. 

— Mimi namjua huyo mwanamke, nikasema. Alitokwa na damu kidogo kidogo wiki sita, na kichwa kinamwuma. Sindano ikishaingia huwezi kuitoa, unangoja miezi mitatu iishe. Akangoja. Mumewe ndio kwanza alikuwa amepata kazi, akirudi anaoga huku anaimba. Hakumwambia, asije akaacha kuimba.

— Na sasa? akauliza dada.

— Sasa anaogopa mimba nyingine kabla mtoto hajakua. Na anaogopa kupewa kitu ambacho kikimkataa hawezi kukiacha mwenyewe siku hiyo hiyo. Vidonge angeviweza. Anaamka saa kumi kila alfajiri kuchemsha kahawa, na hajakosa hata siku moja.

— Kumbe naye anauza kahawa, akasema Mzee Karani.

Seremala akamkanyaga mguu, taratibu, kwa heshima ya umri wake.

 Brashi akasogea, akaniachia nafasi kwenye benchi. Seremala akaokota birika na kuwamiminia wenzake mwenyewe. Sikumbuki kama niliwahi kuketi pale kabla ya siku hiyo.

— Nitamwambia rafiki yangu Alhamisi amsindikize mkewe kwanza, kazi itasubiri, akasema Brashi. Na amwombe radhi.

— Atamsamehe, nikasema.

Alhamisi tulikwenda wawili. Nesi alinipima presha, akatueleza njia zote moja moja. Brashi akamwuliza habari za mawimbi na za kisogoni, na nesi, Mungu ambariki, alimjibu bila kumcheka kwamba hayo hayapo. Nikachagua vidonge vya mama anayenyonyesha, kimoja kila siku saa ile ile. Huu ni mwezi wa tisa navimeza, na sijakosa hata siku moja.