Iri Kaondoka na Nyumbu

Mbele ya duka la kona, huko Incheon, Korea Kusini, kuna jukwaa la mbao ambalo kila alasiri hukaliwa na makalio ya watu wale wale watatu. Kuna Bong Tae-su, dereva wa teksi aliyestaafu, waliyembandika jina la Kapteni. Kuna Man-ho kinyozi, yaani Wembe. Halafu kuna Jung-sik, fundi bomba, ambaye mdomo wake ndio uliompa jina la Redio. Kahawa wanapata kwenye mashine ya pembeni, kwa vikombe vya karatasi, tamu ya kuozesha meno. Alasiri hiyo Kapteni alikishika chake tu, hakinywi.

Shida ilikuwa Iri. Huyo si mtu wa mtaani. Ni binti mganga katika mchezo wa simu wanaoucheza wote watatu, wa kuongoza msafara milimani, ambamo kila jibu unalochagua huwafanya wenzako wakupende au wakuchoke. Majira yote ya baridi Iri alikuwa na Kapteni. Asubuhi hiyo Kapteni kawasha simu, hema tupu. Binti kaondoka, kamchukua na nyumbu wa mizigo.

Aliwasimulia kwa sauti ya mtu aliyekimbiwa na mke, na walipocheka alinuna kweli.

— Jana ulimwambia nini? Wembe akauliza.

— Kawaida tu. Kasema amechoka, nikachagua "Songa mbele."

— Hapo ndipo ulipoharibu, kaka. Mimi wangu namsifia nywele. Hata akilia njaa, namsifia nywele.

— Na wako yuko wapi sasa?

Wembe akanywa kahawa. Wake alishaolewa na jambazi.

Redio akasema wote hawajui kitu: binti alimpenda nyumbu tangu siku ya kwanza, wanadamu walikuwa wapagazi tu. Walipomzomea akapandisha dau. Simu inasikiliza, akasema. Sikukuu ya mwaka mpya Kapteni alimsengenya shemeji yake simu ikiwa mfukoni, na Iri kayasikia yote. Mwanamke gani angebaki?

— Wewe unaumwa, Kapteni akamwambia. Lakini simu akaisogeza mbali kidogo.

Ndipo akatokea dada Eom, aliyehamia mtaani wiki hiyo, kafuata vitunguu vya majani. Akasikiliza, akadhani ni binti wa kumzaa wa Kapteni, akaingiwa na huruma. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

— Kwani mwenyewe alikuwa anataka nini? akauliza.

Kapteni alimpa Iri skafu, kisu, hata kofia ya manyoya, ili apendwe. Kila walipopiga kambi, chini kabisa ya majibu palikuwa na "Kaa umsikilize." Hakuwahi kuligusa. Lilichelewesha safari.

— Sijui, dada, akasema.

Dada Eom akampa pole, akaingia dukani. Kapteni akafungua mchezo. Msafarani kabaki mhunzi mmoja, mzee mkorofi asiyependwa na mtu. Kapteni akabonyeza lile jibu la chini. Mhunzi akaketi, akaanza kueleza habari za goti lake, akaeleza weee. Vikombe vikakauka, hakuna aliyeinuka kwenda kwenye mashine.

— Sasa hilo goti lilivunjwa na nani? Redio akanong'ona.

— Nyamaza, Kapteni akasema. Mwenzio anaongea.