Prof Léopold Kashindi na Ukuta Usiojengwa Kavimvira

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha uchoraji wa majengo katika taasisi yetu ya hapa Kimanga, mjini Uvira, Prof Léopold Kashindi anastaafu tarehe 31 Julai mwaka huu. Wengi mnaoshika programu hii ya kumwaga leo mmepita chini ya kalamu yake nyekundu. Wengine mmepita mara mbili, maana alama zake hakuzigawa kama karanga za msibani.

Mimi, Dorine Nabintu, nafundisha vifaa vya ujenzi katika chumba kinachopakana na chake, na wenzangu wameniomba niandike habari zake. Yeye mwenyewe aliniomba jambo moja tu: nisiruke habari ya mwanafunzi wake Uwacu. Sitairuka, lakini acheni nianze na mambo mepesi.

Alizaliwa Runingu, kwa wakulima wa mpunga. Baba yake alitaka awe agronomu, mtaalamu wa kilimo, ila mtoto alikuwa akichora maghala chini kwa kijiti, na hata kuku walimzoea wakawa wanapita pembeni. Alisomea Bukavu, akarudi Uvira kuwa mwalimu msaidizi wakati taasisi haikuwa hata na paa lake. Masomo yalifanyika katika ukumbi wa parokia. Meza hazikuwapo, hivyo wanafunzi walipiga magoti na kuchorea juu ya benchi za kanisa. Majirani wakaanza kusifu kwamba hakuna vijana wanaosali kama wale.

Bienvenu, ambaye leo ni mjenzi anayejulikana mjini, bado anakumbuka juri yake ya mwaka wa pili, siku ya kutetea mchoro mbele ya walimu. Alileta nyumba aliyoiona kwenye simu, yenye pahali pa kuotea moto sebuleni na bomba la moshi juu ya paa. Prof aliukagua mchoro kwa utaratibu, akausifu kwa usafi wake, kisha akauliza kwa heshima ni nani katika Uvira anayesikia baridi. Bienvenu alicheka kuliko sisi wote. Siku nyingine Prof alikuwa akila bugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, huku anasahihisha, mawese yakadondoka katikati ya ramani ya shule iliyochorwa na msichana mmoja. Hakuificha. Aliandika pembeni kwamba kosa ni lake, na kwamba pale palipoanguka mafuta kwa kweli pangefaa bustani. Msichana akaweka bustani, akapata alama nzuri.

Kazi yake kubwa ilikuwa miradi mitatu. Kila mwanafunzi wa miaka ya mwisho aliitengeneza yote. Wa kwanza ulikuwa wa nafasi: chumba kimoja cha mtu mmoja. Wa pili ulikuwa wa jamii: jengo la watu wanaokutana bila kuchaguana. Wa tatu ulikuwa wa sanaa, na hapo mwanafunzi alirudi kwenye jengo lake la pili akalitafutia uzuri wake. Hakuruhusu uzuri wa kubandika. Kama ua linachorwa ukutani, alitaka kujua linafanya kazi gani.

Fabiola Uwacu alifika kwetu akitokea milima ya juu, kwa wafugaji. Alikuwa mtu wa maneno machache, na alivaa koti hata wakati wa joto la Septemba. Kwa mradi wa kwanza wenzake walileta vyumba vya kulala na ofisi. Yeye alileta chumba cha mjane aliyefiwa karibuni, chenye milango miwili. Mmoja ulikuwa wa wageni wanaokuja kutoa pole. Wa pili, mdogo, ulikuwa nyuma ya kitanda, na juri ilipouliza kazi yake alieleza kwamba bibi yake alipofiwa alikaa wiki nzima mbele ya watu, hakuwa na pa kutokea ili alie peke yake. Prof Kashindi hakuwahi kumpa mtu zaidi ya kumi na sita juu ya ishirini. Siku ile alitoa kumi na nane, akatoka nje kwa muda.

Kwa mradi wa pili Uwacu alikwenda Kavimvira, penye mpaka na Burundi. Asubuhi baada ya asubuhi alikaa na wamama wanaovusha ndagala na nyanya, hasa na Maman Spès, anayeongoza kikundi chao. Aliona kwamba wanangoja mpaka ufunguliwe wakiwa wamesimama, mizigo kichwani, hata mvua ikinyesha. Hawakukosa pa kukaa. Shida ni kwamba anayetua mzigo wake chini hawezi kuunyanyua tena bila msaidizi. Basi Uwacu akachora banda lenye rafu ndefu ya matofali, iliyojengwa kwa urefu wa mabega. Mama anatua mzigo pale, anapumzika, kisha anainama kidogo, anausogeza kichwani na kwenda zake. Maman Spès alipoonyeshwa maketi, mfano mdogo wa banda wa karatasi ngumu, alipitisha kidole juu ya ile rafu akasema, “Huyu mtoto ameona shingo zetu.”

Mradi wa tatu ulikuwa ukuta wa banda hilo, upande wa ziwa. Uwacu aliupanga kwa matofali yaliyoachiana matundu, upepo upite. Juu matundu yalifuata mistari ya vikapu vya kwao milimani, ile inayopanda na kushuka kama meno ya msumeno. Chini yalifuata macho ya wavu wa wavuvi wa hapa. Katikati mistari na macho viliingiliana polepole, hata usijue kimoja kimeishia wapi. Nimeona michoro mingi katika jengo hili. Ule niliuonea wivu.

Habari zilitembea. Wafadhili wakatoa matofali na mabati, ikaundwa kamati ya ujenzi, na kwa mara ya kwanza mradi wa mwanafunzi wetu ukawa unakwenda kujengwa. Lakini mwaka ule mapigano yalikuwa yamewaka milimani, na mjini watu wa milimani na wa ziwani waliosalimiana miaka yote walianza kuangaliana vibaya. Katika kikao cha kamati, ambako Prof alikwenda peke yake, baadhi ya vijana waliuliza kwa nini michoro ya watu wa juu, wa milimani, ikae juu ya wavu. Mwenyekiti, Bwana Modeste, hakuwa mtu mbaya, aliogopa. Alimwambia Prof Kashindi kwamba banda litajengwa ikiwa ukuta utakuwa mtupu, la sivyo matofali yatapelekwa kwingine.

Prof aliwafikiria wamama na mvua. Alimfikiria pia Uwacu, kwamba akisimama mbele ya kamati ile wanaweza kumtukana. Alikubali palepale, na kesho yake akamwita mwanafunzi katika chumba cha kuchorea. Nilikuwapo, nilikuwa nimekuja kuazima rula.

“Tufute ukuta, banda libaki,” alimwambia. “Siku zikitulia tutaurudisha.”

Uwacu aliuangalia mchoro wake. “Prof, mbele ya kufuta, uniambie kitu kimoja. Ule ukuta iko na kosa gani?”

Prof alimweleza sharti la Bwana Modeste. Uwacu alichukua wembe, kama tunavyofanya kwa wino ulioingia kwenye kalke, ile karatasi ya kuchorea inayopitisha mwanga, akakwangua mstari mmoja baada ya mwingine mpaka karatasi ikabaki na alama nyeupe tu. Akapuliza vumbi, akakusanya vifaa vyake, akaaga kwa adabu.

Banda lilijengwa. Siku ya uzinduzi kulikuwa na fanfari ya tarumbeta, hotuba na soda, na Prof Kashindi alipigiwa makofi. Uwacu hakuja. Kabla ya juri ya mwisho familia yake ilivuka kwenda Bujumbura, naye akaenda nao, bila diploma. Prof aliliomba baraza la taasisi limruhusu Uwacu atetee mradi akiwa huko. Baraza liliahirisha, likaahirisha tena, na jambo likafa lenyewe.

Katika miaka iliyofuata alifundisha vizuri kama kawaida, lakini sisi wa karibu tuliona kwamba hapiti tena Kavimvira kama kuna njia nyingine. Mwaka juzi alivuka mpaka kwenda kumtafuta. Alimkuta katika duka la vigae la mjomba wake, Cyusa, akiwapimia wateja sakafu zao. Uwacu alifurahi kumwona. Alimtafutia kiti, akaagiza soda, akamwonyesha picha ya mtoto wake. Prof alimwomba msamaha kwa ajili ya ukuta.

“Ukuta niliusamehe zamani,” Uwacu alijibu. “Kilichoniumiza, ulienda peke yako mu ile reunio ya kamati. Kama ungeniita, miye mwenyewe ningewaelezea.”

Prof alimwambia kwamba alitaka kumkinga asitukanwe.

“Najua, Prof. Lakini haukuniuliza.”

Alimsihi arudi atetee mradi wake, akamwahidi kupigana na baraza upya. Uwacu alicheka kidogo, akaeleza bila uchungu kwamba ana mtoto na kazi, na kwamba siku moja alijaribu kuchora ngazi akaona mkono umesahau. Alimsindikiza hadi barabarani. Hawajaonana tena.

Aliporudi, Prof alikwenda moja kwa moja Kavimvira na kumweleza Maman Spès habari yote, kwa mara ya kwanza. Yule mama alimsikiliza, mzigo wake ukiwa juu ya rafu. Kisha akamwambia kwamba hata wao wenye banda hakuna aliyewauliza. “Siye tunauzishia watu wote, wa juu na wa chini. Tungesema mujenge vile mutoto alichora.”

Prof Kashindi ndiye aliyenisimulia haya, akiniomba niyaandike kama yalivyo. Nilimwambia kwamba sherehe ya kuaga si pahali pake. Alisema vijana watakaosoma programu hii siku moja watakaa katika kamati, na ni afadhali wasikie mapema.

Mengine aliyoyaacha mnayajua. Aliacha shule zinazopitisha hewa, zahanati ambazo mgonjwa hapotei ndani yake, na promosheni baada ya promosheni ya wahitimu, wajenzi wanaosalimia mafundi kwa majina. Tangu aliporudi kutoka Bujumbura aliweka pia kanuni mpya: hakuna mradi unaojadiliwa popote, hata kwa mkuu wa mji, bila aliyeuchora na watakaoutumia kuwa ndani ya chumba. Kanuni hiyo imetuletea usumbufu mwingi na majengo bora. Imechelewa kwa mtu mmoja, na anajua.

Tulimtumia Uwacu mwaliko wa leo. Alituma salamu na samahani. Duka haliwezi kubaki bila mtu.

Mzee Kashindi, asante kwa subira yako, kwa kalamu nyekundu, kwa vicheko vya juri, na kwa kutufundisha kuona shingo za watu kabla ya kuchora paa. Tunajua hutaondoka hapa ukiwa mwepesi, na hatutakudanganya kwamba yaliyopita yamepita. Rudi Runingu salama, upumzike karibu na mpunga wa baba yako. Afya ikukae mwilini, wajukuu wakuzunguke, na wale uliowafundisha wakutembelee mara kwa mara. Na kama siku moja Uwacu atavuka kuja huku, basi akukute ukiwa hai, na safari hiyo aanze kusema yeye.