Nati Mbili za Kushoto

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi, Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Simu ni ya dada yako, ila yeye ameshika usukani, kanambia nipokee. Na mimi kioo sikioni, nimebonyeza tu palipowaka.

FUNDI: Mko wapi?

MAMA: Njiani, kwa daktari wa macho. Tumeshavuka— [mtandao unakwaruza] —sasa tunapanda. Umekula?

FUNDI: Nimekula. Mmefika kileleni? Pale mteremko wa makona unapoanza?

MAMA: Bado kidogo. Hujaniuliza hali, unaniuliza mteremko.

FUNDI: Samahani, Mama. Macho vipi?

MAMA: Yapo, yananionyesha ukungu. Lakini leo dada yako anakusifu, usimwambie nimekwambia. Kasema gari la marehemu baba yenu limekuwa kijana, halilali tena kwenye kona. Mimi mwenyewe zamani nikipanda hili nashika mlango kwa mikono miwili, baba yenu ananicheka. Leo nimekaa na mkoba wangu mapajani, kama niko sebuleni.

FUNDI: Eeh.

MAMA: Eti umetoa kile chuma chembamba cha chini, umeweka kinene. Kinaitwaje vile?

FUNDI: Stabilaiza. Ya mbele na ya nyuma. Ndiyo inazuia gari lisiegemee upande. Mama, anakwenda mbio?

MAMA: Anakwenda kama mtu aliyeambiwa gari lake sasa linashika barabara. Si ndiwe uliyemwambia?

FUNDI: Mama... huko nyuma, chini, mkono wa kushoto. Kuna kitu kinagonga?

MAMA: Kinagongaje?

FUNDI: Ngo, ngo. Mkipita shimo.

MAMA: Kwa nini unauliza?

FUNDI: Nauliza tu.

MAMA: Hujawahi kuuliza tu, wewe.

FUNDI: Mama, nisaidie. Mwambie unasikia kichefuchefu, asimame pembeni. Asiuanze ule mteremko. Mimi nachukua pikipiki sasa hivi, nikifika nasema nilikuwa napita—

MAMA: Ulikuwa unapita kilimani kwenda wapi, na mikono ya grisi?

FUNDI: Mama, tafadhali. Asimame kwanza.

MAMA: Ngoja. [sauti mbali na simu] Mwanangu, simama hapo penye kokoto. Hapana, siumwi. Simama tu, nimekuomba. [injini inazimwa, mlango unafunguliwa] Haya. Amesimama, ameshuka anakagua matairi. Sikumwambia kichefuchefu. Sasa sema.

FUNDI: [anakohoa]

MAMA: Kohoa kama unataka kukohoa, lakini sema.

FUNDI: Mama, zile nati za stabilaiza hazikazwi gari likiwa juu ya jeki. Ukiwa juu unazishika kwa vidole tu. Unashusha gari likae kwa uzito wake, ndipo unaingia chini unakaza. Ukikaza likiwa juu, raba zinajikunja, hazidumu. Kwa hiyo nikashusha. Nikaingia chini, mbele nikamaliza, nyuma nikakaza kulia. Ndipo dada akaja.

MAMA: Akaja akafanya nini?

FUNDI: Akasema nimechelewa kama kawaida yangu. Unajua hakutaka niliguse. Wiki nzima kanambia gari la baba liache lilivyo, baba aliliendesha likiyumba na hakulalamika. Nikataka aone. Nikamwambia ingia, zunguka uwanja wa gereji mara moja. Akazunguka. Limesimama wima, Mama, mafundi wote wakapiga makofi. Dada akacheka. Sijui lini mara ya mwisho alicheka kwa jambo nililofanya mimi. Nikamwacha aondoke akiwa vile vile.

MAMA: Na kushoto?

FUNDI: Nilisahau kama kuna kushoto. Sasa hivi nimefagia uwanja, nimeikuta spana pale pale nilipoilaza.

MAMA: [lori linapita]

FUNDI: Mama? Unanisikia?

MAMA: Nakusikia. Ndiyo shida yangu, nasikia kila kitu. Limegonga tangu tulipotoka kwenye lami mpya.

FUNDI: Limegonga?

MAMA: Dada yako kaniuliza mara mbili. "Mama, na wewe unasikia?" Nikamwambia ni kifuniko cha buti. Mara ya pili nikamwambia mimi sisikii kitu, labda ni masikio yake.

FUNDI: Kwa nini, Mama?

MAMA: Kwa sababu nilijua ni mkono wako. Nikasema moyoni nikikubali, ataanza: umeona, nilikwambia huyo hamalizi kazi. Na mchana kutwa nitasikiliza hilo. Nikaona bora ligonge. Nimekaa na mkoba wangu, nimenyamaza, naye binti yangu anaendesha.

FUNDI: Kosa ni langu, Mama.

MAMA: Lako ni la nati. Langu ni la siku nyingi. Redio ya baba yako uliyoifungua ikakushinda kuirudisha, nani alisema ameiangusha? Shuleni ulipotoroka, nani alisema ulikuwa na homa? Nilidhani nakulea.

FUNDI: [anavuta pumzi] Utamwambia wewe? Kwako hatafoka.

MAMA: Unaona. Hata sasa.

FUNDI: Mama—

MAMA: La kwangu nitamwambia mwenyewe. La kwako utamwambia wewe. Huyu hapa. [sauti mbali] Shika, ndugu yako ana neno.

DADA: Haloo. Kuna nini? Matairi mazima.

FUNDI: Shikamoo, dada.

DADA: Marahaba. Malori yananipita ubavuni, sema haraka.

FUNDI: Sikukaza nati. Mbili, za nyuma kushoto. Nilizishika kwa vidole tu. Zikitoka, ile stabilaiza upande mmoja inakuwa kama haipo. Na wewe umeshazoea kuwa gari haliinami, ungeingia kona ya kushuka kwa kasi, halafu lingelala ghafla na—

DADA: Nimeelewa. Usiniendeshee hadi chini.

FUNDI: Samahani, dada.

DADA: Ngoja nikae. [mtandao unakwaruza] Nilimuuliza Mama.

FUNDI: Amenambia.

DADA: Nilijua anadanganya. Nikaendelea kuendesha, nikajiambia si afadhali nikubali, siku moja tu, kwamba umefanya kitu kizima. Ndiyo ujinga wangu huo.

FUNDI: Haukuwa ujinga—

DADA: Umepiga simu yangu. Ukasikia sauti ya Mama. Ulijisikiaje? Usinidanganye.

FUNDI: Nilishukuru kuwa hukupokea wewe.

DADA: Eeh.

FUNDI: Nakuja, dada. Nina spana, nina nati mpya. Dakika arobaini. Usiliwashe.

DADA: Siliwashi. Daktari nitampigia, atampokea kesho.

FUNDI: Salio langu linakwisha, dada, lakini nataka ujue kwamba—

DADA: Usiyamalizie kwenye simu. Sikiliza. Mama ataisikia pikipiki yako kabla yangu. Atakuita, atataka kujua umekula.

FUNDI: Ndiyo.

DADA: Mpite. Msalimie na umpite, uje kwangu kwanza.

FUNDI: Nitakuja kwa—

[simu inakatika]